Pilipili Haitaokoa Moyo wa Shosho Mwenye Kisukari

Wasee, leo tunaongea kuhusu pilipili.

Kama uko na simu, hiyo klipu umeshaiona, labda mara tano, kila mara na sura tofauti. Jamaa amevaa koti jeupe ambalo hakuna anayejua alilitoa wapi. Ameshika glasi ya maji ya uvuguvugu na kijiko cha pilipili ya unga. Anakuambia mshtuko wa moyo unazimika kwa sekunde 60 ukinywa hiyo kitu. Halafu anaongeza chumvi: ati kama una kisukari, kunywa kila asubuhi, inasafisha mishipa na "kuamsha peptidi za moyo". Chini kuna namba ya kulipia.

Nataka kubishana na huyo jamaa, na pia na kila mmoja wetu anayemfanyia kazi bure kwa kumsambaza. Sina shida na pilipili. Mimi bila pilipili ugali na sukuma haishuki. Shida yangu ni kwamba huu uongo umejengwa juu ya kitu cha kweli, na uongo wa aina hiyo ndio huua watu, kwa sababu hata mtu mwerevu akienda kuutafuta kidogo anapata jina la chuo kikuu na anatulia. Shida ya pili ni kwamba anayeuziwa si mimi wala wewe. Ni shosho. Ni buda. Ni yule anti wa kijijini ambaye sisi vijana ndio tulimwekea WhatsApp, na sisi ndio tunamtumia hizi video tukidhani tunamsaidia.

Kwa hivyo kaa chini, tupitie hii kitu polepole. Anayetaka kupinga apinge akiwa ameelewa.

Tuanze na ukweli

Ndani ya moyo kuna neva nyembamba sana ambazo kazi yake ni kuhisi shida. Misuli ya moyo ikikosa damu, hizo neva ndizo zinapeleka habari kwa ubongo, na wewe unasikia kifua kimebana. Lakini zina kazi nyingine ambayo watu wengi hawaijui. Pale pale moyoni, miisho ya neva hizo inamwaga kemikali. Kemikali zenyewe ni vipande vidogo vya protini na zinaitwa neuropeptidi.

Moja inaitwa dutu P. Ina amino asidi 11 tu, na iligunduliwa mwaka 1931 na Ulf von Euler na John Gaddum, walipokuwa London wakichunguza ubongo na matumbo ya farasi. Nyingine inaitwa CGRP, yenye amino asidi 37, na ni kati ya vitu vyenye nguvu zaidi mwilini vya kupanua mishipa ya damu. Moyo ukikosa damu, neva zinashtuka, zinamwaga CGRP na dutu P, mishipa inapanuka, damu inapata njia. Fikiria kengele ya moto ambayo ikilia, inamwaga maji pia. Hiyo ndiyo mali ambayo Mungu alikuwekea kifuani.

Pilipili inaingia wapi? Kinachowasha kwenye pilipili ni kapsaisini. Mwaka 1997 timu ya David Julius huko California ilipata mlango kwenye neva ambao kapsaisini inaufungua. Mlango huo unaitwa TRPV1, na mwaka 2021 Julius alipewa tuzo ya Nobel pamoja na Ardem Patapoutian. TRPV1 iko kwa neva za ulimi, ndiyo maana unatoka machozi. Iko pia kwa neva za moyo.

Na kuna zaidi. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cincinnati, Marekani, walipaka kapsaisini kwenye ngozi ya tumbo la panya, halafu wakaziba mshipa wa moyo wa panya hao. Uharibifu wa moyo ulipungua kwa asilimia 85 hivi. Ni matokeo makubwa, siwezi kuyadharau.

Sasa umeona stori ya koti jeupe ilitoka wapi. Hakuota. Alichukua kitu cha watu, akakata nusu, akakuuzia iliyobaki.

Sasa nusu aliyoikata

Kwanza, panya hao hawakunywa chochote. Walipakwa ngozini, kwa kipimo, na walipakwa kabla ya mshipa kuzibwa. Mshtuko wa moyo wa kweli haukupigii simu jioni kukuambia unakuja kesho. Na panya ni panya. Ukiambiwa dawa imefaulu kwa panya, hiyo ni sababu ya kuendelea kutafiti. Haijawa ruhusa ya kumpa mtu wa miaka 68 aliyeanza kutoka jasho baridi.

Pili, na hapa ndipo naomba usikilize kwa makini: panya hao hawakuwa na kisukari.

Kisukari kilichokaa miaka bila kudhibitiwa kinaua neva. Hii si siri, kila familia yenye mgonjwa inaijua: miguu inaanza kufa ganzi, mtu anakanyaga msumari na hasikii. Sukari ikiwa juu muda mrefu inaharibu neva zenyewe na vile vimishipa vidogo vinavyozilisha. Tumezoea kuongea kuhusu miguu kwa sababu inaonekana. Lakini neva za ndani zinaliwa pia, zikiwemo za moyo. Neva ya vagasi, ambayo ni ndefu kuliko zote zinazoendesha viungo vya ndani, huwa kati ya zile zinazoguswa mapema. Hiyo ndiyo breki ya moyo. Ikilegea, moyo unaenda mbio hata mtu akiwa amekaa tu anatazama habari.

Na zile neva nyembamba za dutu P na CGRP nazo zinapungua. Watafiti wamepima mioyo ya wanyama wenye kisukari wakakuta hizi kemikali zimeshuka. Ndiyo maana kuna maabara zinazotafiti kama kuzirudisha kunaweza kulinda moyo wa mgonjwa wa kisukari. Huo ni utafiti mzuri na ninaufuatilia kwa hamu. Lakini ona vile video inaugeuza. Utafiti unasema: kwa kisukari, nyaya za kengele zimekatika. Koti jeupe anasema: bonyeza swichi kwa nguvu. Swichi gani, bana? Anayeuziwa pilipili kwa bidii zaidi ndiye ambaye nyaya zake zimekatika zaidi.

Tatu, neuropeptidi si timu moja ya malaika. Mwaka 1982 huko Uswidi, Kazuhiko Tatemoto na Viktor Mutt wa Taasisi ya Karolinska walitoa nyingine kwenye ubongo wa nguruwe. Inaitwa neuropeptidi Y. Hii humwagwa na neva za mfadhaiko, na inabana mishipa ya damu. Hiyo hiyo inaweza pia kusaidia mishipa mipya kuota. Dutu P nayo, mbali na mazuri yake, inachochea uvimbe mahali ambapo hutaki uvimbe. Kwa hivyo mtu akikuuzia chupa ya "peptidi za moyo", muulize swali moja tu: gani? Ya kupanua au ya kubana? Na ikipita tumboni inabaki nzima vipi, wakati tumbo linasaga protini kila siku? Hata CGRP ikiwekwa moja kwa moja kwa damu, nusu yake inakuwa imeenda ndani ya dakika kama 10.

Na kwa wale wa "haiwezi kudhuru, ni kitu ya kawaida tu": mwaka 2012 madaktari huko Uturuki waliandika kuhusu kijana wa miaka 25 aliyepata mshtuko wa moyo baada ya kumeza vidonge vya pilipili vya kupunguza uzito. Mshipa wa moyo ulijikaza. Ni mtu mmoja, sisemi kila anayekula pilipili ataanguka. Nasema ukikigeuza chakula kuwa dawa ya vidonge, kinaanza kuwa na madhara kama dawa.

Moyo usiopiga kelele

Hii ndiyo sehemu inayonitoa usingizi. Kumbuka neva zinazomwaga neuropeptidi ndizo hizo hizo zinazopeleka maumivu. Zikiharibika, unapoteza vitu viwili kwa mpigo: ulinzi na onyo.

Ndiyo maana mtu mwenye kisukari anaweza kupata mshtuko wa moyo na asishike kifua hata mara moja. Ile picha ya sinema, mzee anashika kifua anaanguka juu ya meza, inaweza isitokee kabisa. Kinachoweza kutokea ni hiki: anakosa pumzi akipanda ngazi ambazo jana alipanda vizuri. Anachoka ghafla uchovu usioelezeka. Anatoka jasho baridi. Anasikia kichefuchefu. Anahisi taya, mgongo au mkono unauma kidogo. Anasema "ni gesi tu". Analala. Na familia nzima inaamini ni gesi, kwa sababu hakuna kilichouma sana.

Sasa weka ile video hapo katikati. Mtu ambaye dalili zake ni ndogo, ambaye tayari anatafuta sababu ya kutosumbua watoto usiku, unampa glasi ya maji na kijiko cha unga. Akinywa anawashwa, anajasho zaidi, anaona "inafanya kazi". Saa mbili zinapita. Misuli ya moyo iliyokosa damu haimsubiri mtu; kila dakika kipande kingine kinakufa na hakirudi. Mshipa ulioziba unafunguliwa hospitalini. Kijiko kinaiba muda, na muda ndio alikuwa nao peke yake.

Jina limetudanganya

Nina kesi nyingine, na hii ni ya sisi wote. Tumeuita huu ugonjwa sukari. "Shosho ana sukari." Basi tunapigana na sukari. Tunaficha kopo la sukari jikoni, tunamnyima chai tamu, tunamnunulia kale kamashini ka kupima, tunasoma namba, namba ikiwa sawa tunasema Mungu ni mwema. Hakuna anayeuliza moyo unaendeleaje. Ilhali magonjwa ya moyo na mishipa ndiyo yanayoua wagonjwa wa kisukari kuliko kitu kingine chochote.

Kushusha sukari ni muhimu, tena sana. Kuanzia mwaka 1983 hadi 1993 Wamarekani na Wakanada walifuata watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya kwanza. Waliodhibiti sukari kwa ukali walipunguza hatari ya neva kuharibika kwa asilimia 60 hivi. Miaka baadaye kundi hilo hilo lilikuwa na matukio machache ya moyo pia. Kwa hivyo ukitaka kulinda hiyo kengele ya moyo, njia mojawapo ni kutoacha nyaya zikatike.

Lakini sukari peke yake haitoshi. Huko Denmark kulikuwa na utafiti unaoitwa Steno-2. Watu 160 tu, wenye kisukari cha aina ya pili na dalili kwamba figo zimeanza kuvuja protini. Nusu walipata huduma ya kawaida. Nusu nyingine walishikiliwa kila upande: sukari, presha, kolesteroli, aspirini ya daktari, chakula, mazoezi, kuacha sigara. Baada ya miaka kama minane, hatari ya matukio ya moyo na mishipa kwa kundi la pili ilikuwa kama nusu ya lile la kwanza. Neva za ndani, zile zinazoendesha moyo, ziliharibika kwa watu wachache zaidi. Mwaka 2016, baada ya miaka 21 ya kufuatilia, walitoa hesabu: kundi la pili liliishi karibu miaka 8 zaidi.

Miaka minane, wasee. Hiyo ni mtoto kutoka chekechea mpaka darasa la sita akiwa na shosho. Na dawa nyingi zilizotumika ni vidonge vya zamani, vya kuchosha, visivyo na video. Hakuna anayevuma mtandaoni kwa kumeza kidonge cha presha.

"Lakini hospitali ni ghali"

Najua utasema hivyo, na uko na haki. Foleni ni ndefu, dawa zinaisha, unaambiwa ukanunue nje. Afrika zaidi ya nusu ya watu wazima wenye kisukari hawajui hata kama wako nacho. Mimi sitetei mfumo. Lakini fikiria vizuri: kama pesa ni kidogo, hiyo ndiyo sababu kubwa zaidi ya kutoitupa kwa unga wa mtu. Anayekuuzia chupa ya mwezi mmoja kwa bei inayozidi vidonge vya presha hajakuokoa na hospitali. Amekula nauli yako ya kwenda.

Na wale wa "wazungu wanaficha dawa za asili", hebu niwape stori. Kuna peptidi inaitwa GLP-1. Inatengenezwa utumboni, na pia na seli za neva kwenye shina la ubongo. Mwaka 1992 daktari John Eng wa New York alichapisha habari za peptidi inayofanana nayo, aliyoipata kwenye sumu ya mjusi wa jangwani. Sumu ya mjusi! Hakuna kitu cha asili kuliko hicho. Je, waliificha? Waliipima miaka na miaka, ikawa dawa rasmi Marekani mwaka 2005. Kisha mwaka 2016 utafiti wa LEADER ulichukua watu 9,340 wenye kisukari cha aina ya pili na hatari kubwa ya moyo, ukawapa nusu yao liraglutaidi, dawa ya familia hiyo ya GLP-1. Vifo vya moyo, mishtuko ya moyo na kiharusi, vikijumlishwa, vilipungua kwa asilimia 13.

Linganisha. Watu zaidi ya elfu tisa, miaka ya kazi, na wanakuambia kwa unyenyekevu: asilimia 13. Koti jeupe hana hata mtu mmoja kwenye daftari, na anakuambia asilimia mia kwa sekunde 60. Ukitaka kumjua tapeli, angalia ukubwa wa ahadi na udogo wa hesabu.

Ukitaka kukasirika kuhusu peptidi, kasirika hapa: sindano hizo ndizo wenye pesa wanadungwa wapunguze tumbo, wakati mgonjwa wa kisukari mwenye moyo mbovu hajawahi hata kuzisikia. Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani liliziweka kwenye orodha ya dawa muhimu, kwa watu wenye kisukari cha aina ya pili pamoja na ugonjwa wa moyo au figo, na ambao pia wana unene uliozidi. Hiyo inatupa kitu cha kudai: bei ishuke, zifike hospitali za kaunti, zianze na wanaozihitaji zaidi. Tungekuwa tunapiga kelele juu ya hilo, sauti tunazo. Badala yake tunazitumia kusambaza kijiko.

Kwa sisi wa kontenti

Mimi sina digrii. Niliacha chuo, na hilo watu hunirushia kila nikigusa mambo ya sayansi. Sawa. Kusoma hakuhitaji kofia ya mahafali. Kinachohitajika ni kufika mwisho wa habari kabla ya kuwasha kamera, na kusoma mpaka pale pameandikwa "panya". Kama una wafuasi elfu mbili, hao ni shosho elfu mbili nyuma yao. Ukiweka "si ushauri wa daktari" kwa maandishi madogo huku mdomo wako unauza dawa, umejilinda wewe, hujamlinda mtu.

Na wewe usiye na chaneli, kazi yako ni rahisi zaidi. Shosho akienda kliniki, enda naye siku moja. Uliza presha yake imepimwa amelala na amesimama? Ikishuka sana akisimama, hiyo inaweza kuwa dalili ya neva za ndani. Uliza mapigo ya moyo akiwa ametulia ni mangapi. Uliza lini alipimwa ECG, kolesteroli, na protini kwenye mkojo. Uliza kama miguu imeangaliwa. Ukionekana msumbufu, wacha uonekane.

Pilipili abaki nayo, aweke kwa maharagwe. Lakini ikifika saa nane usiku, amekosa pumzi na anatoka jasho baridi, na anasema hakuna kinachouma, usiulize kama kifua kinauma. Tafuta gari.